Waamuzi 1:19: hapo nani hakuweza, Bwana au Yuda?

Mwalimu wa Jumapili, Ifakara
Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili nilikuwa nafundisha watoto Mathayo 19:26, kwamba kwa Mungu yote yawezekana. Binti wa miaka 11 akafungua Waamuzi 1:19, akaweka kidole kwenye mstari: Bwana alikuwa pamoja na Yuda (lile kabila la Israeli), akawafukuza watu wa vilimani, "asiweze" kuwafukuza wa bondeni, maana walikuwa na magari ya chuma, yale ya vita ya kuvutwa na farasi. Akauliza, "Mwalimu, nani hakuweza?" Nikamwahidi jibu wiki ijayo. Sitaki kumnyamazisha mtoto wa watu, na mimi mwenyewe swali limenikaa rohoni. Nisaidieni.

Mzee wa Kanisa
Amina, dada. Shida ni hiyo "a-" ya "asiweze". Inaweza kumbeba yeyote kati ya wawili. Ila aliyekuwa anapigana vilimani ni Yuda, basi ni yeye. Na kwa Kiebrania mstari wenyewe hauna hata neno la kuweza.

Msomaji wa Usiku
Mzee, shikamoo. Sarufi peke yake hainitoshi. Kama Bwana alikuwa naye, chuma kilimzuiaje? Yoshua 17:18 ndugu zao, wana wa Yusufu, waliahidiwa kuwafukuza Wakanaani, magari ya chuma yakiwepo. Halafu soma 1:28: Israeli walipopata nguvu hawakuwafukuza, waliwatia katika kazi ya shokoa. Walinogewa na watumishi wa bure! Ndiyo maana mahali paitwapo Bokimu, sura ya 2, malaika hakutaja magari hata kidogo. Aliwaambia hamkuitii sauti yangu.

Dereva wa Trekta
Mwalimu, nenda sura ya 4. Sisera, jemadari wa Wakanaani, ana magari ya chuma 900, tena anashuka garini anakimbia kwa miguu. Sura ya 5 inasema mto Kishoni uliwachukua. Mimi nalima mashamba ya mpunga hapo Kilombero. Mvua ikipiga usiku, asubuhi trekta linazama hadi ekseli, na ukizidi kukanyaga mafuta ndiyo unajizika. Chuma hicho hicho kinachokupa nguvu kwenye pakavu ndicho kinachokuzamisha. Mpeleke huyo binti ukingoni mwa jaruba akaone.

Mwalimu wa Jumapili, Ifakara
Mungu awabariki. Ya trekta ataielewa upesi, baba yake ana shamba huko. Lakini namjua, atauliza: mbona Yuda hakuletewa Kishoni yake? Hapo nitamwambia kweli, hata mimi nauliza.