Naomba ushauri: nataka kuacha ukuu wa idara ya masoko niwe menta wa taaluma

Kinara Mpole
Wakuu, habari za humu. Niko kwenye masoko tangu enzi ambazo tangazo la redio lilikuwa ndiyo kila kitu, nikapanda mpaka kuongoza idara. Sasa vikao vya bajeti vimenichosha. Kinachonipa raha ni pale kijana anapoleta wasifu wake au rasimu ya kampeni, tunakaa, anaondoka akijua pa kuanzia. Nataka hiyo ndiyo iwe kazi yangu: menta wa taaluma, kwa malipo. Maswali ni mawili tu. Huduma niipe jina gani? Na nitoze kwa kikao au kwa miezi? Usingizi hauji, wakuu. Matusi hapana.

Jongoo Abiria
Iite "Bosi Mstaafu". Nimemaliza, naomba changu.

Mama Faili
Jina lisubiri, ndugu yangu. Unauza nini hasa? Kocha anakuuliza maswali mpaka upate jibu lako mwenyewe. Menta anakupa aliyoyapitia. Mdhamini ni yule anayelitaja jina lako kwenye kikao ambacho wewe hujaalikwa. Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, na watu wengi humlipa menta huku moyoni wanamtafuta mdhamini. Halafu, hao vijana umeshaanza nao au bado ni wazo?

Cheti Kwanza
Usianze bila cheti, mkuu. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa 1995, ngazi yao ya kwanza ya ACC inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na wateja halisi. PCC, ngazi inayofuata, ni 125 na 500. Mimi nilikuwa mhasibu, nikasoma usiku baada ya kazi. Mafunzo hayakunisumbua. Kazi ilikuwa kuwapata watu wa kukaa nao! Niliwamaliza binamu wote, nikahamia kwa shemeji, ikafika mahali nikipiga simu hawapokei.

Mama Faili
Cheti Kwanza, mwenzio kasema menta, wewe unampandisha ngazi za ukocha. Kinara, swali langu bado liko palepale.

Kinara Mpole
Asanteni kwa michango. Wapo wachache nimeanza nao, mambo yanakwenda vizuri. Turudi kwenye jina: "Dira ya Kazi" mnaionaje?

Mtu wa Zamani
Nasikitika. Sisi tulilelewa kazini na wakubwa waliotushika mkono bila kudai senti. Leo hata busara inatozwa. Ndiyo maana vijana hawana adabu maofisini.

Jongoo Abiria
Mkono mtupu haulambwi, mzee wangu. Na hao wakubwa zako walikuwa wanalipwa mshahara huku wanakushika mkono.

Nusu Sentensi
Niliwahi kuwa na menta wa aina yako, mkubwa wa masoko, mtu mwema kabisa. Shida yake kila dawa ilikuwa bango kubwa barabarani. Nilipopewa matangazo ya mtandaoni, nikaulizwa mteja mmoja mpya anatugharimu kiasi gani, nikamkimbilia. Akaniambia "brandi haipimwi kwa shilingi". Nikalibeba jibu hilo hadi mbele ya mkurugenzi wa fedha. Sitasimulia yaliyofuata. Lakini huyohuyo ndiye aliyenifundisha kuandika maelekezo ya kampeni kwenye ukurasa mmoja, kuijua sura ya mteja aliyekwisha kukataa ila anakuchekea tu, na kumwendea mtu wa fedha siku moja kabla ya kikao, usisubiri kupambana naye mezani. Hayo mpaka leo yananilisha. Kwa hiyo Kinara, fundisha yasiyozeeka. Vitufe vya mitandao waachie vijana, wanavijua kukuzidi.

Kinara Mpole
Nusu Sentensi, hapo umenena. Hata mimi vitufe sigusi.

Mama Faili
Hao wachache. Wanalipa? Wanatoka wapi?

Kinara Mpole
Wanalipa kidogo tu, ya heshima. Wanatoka sehemu mbalimbali.

Mama Faili
Sehemu mbalimbali za jengo moja?

Kinara Mpole
Sawa, dada. Wawili wako kwenye idara yangu. Lakini walinifuata wenyewe, na tunakutana nje ya saa za kazi. Mmoja yuko kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwezi huu. Ndiyo, ninayesaini ni mimi. Lakini anastahili hata kama asingenilipa chochote! Kazi zake zinaonekana. Nimnyime haki yake kwa sababu tu ana bidii ya kujifunza?

Jongoo Abiria
Natafuta kiti niketi vizuri.

Nusu Sentensi
Na mwenzake anayegombea cheo hichohicho bila kukulipa, bidii yake anaipimisha wapi?

Mama Faili
Kwetu hilo linaitwa mgongano wa maslahi, na uzuri wa kazi za kijana hauliondoi. Halafu "walinifuata wenyewe" usiiegemee sana. Anayekufuata ni mtu unayemjazia tathmini ya utendaji. Ukimtajia bei, ana ubavu gani wa kusema ni ghali? Rudisha hela, jitoe kwenye uamuzi wa cheo kwa maandishi, kisha usome mkataba wako wa ajira. Mikataba mingi ina kipengele cha kazi za nje. Wengine hawakatazi, wanataka tu uombe kibali.

Chujio
Jamani, mnapelekeshwa. Hii chai. Angalieni ilivyopangwa: tatizo, huruma ya usingizi, huduma, kisha kaijaribia jina papo hapo kwetu. Mkuu wa idara ya masoko anawauliza watu asiowajua wampe jina la biashara? Jina si ndiyo kazi yake! Huyu anavua wateja. Kesho mtaona "njoo inboksi".

Kinara Mpole
Chujio, kinyozi hajinyoi. Kama ningekuwa natafuta wateja ningejianika hivi?

Chujio
Ndiyo mbinu yenyewe. Uzi umefika hapa ulipofika kwa sababu umejianika.

Mpya Humu
Samahani wakuu, iwe chai isiwe chai, mimi nahitaji menta wa masoko kweli. Mkuu Kinara, naomba nije inboksi.

Chujio
Si niliwaambia?

Cheti Kwanza
Na wewe Mpya Humu, muulize kwanza kama ana cheti.

Nusu Sentensi
Chai au si chai, wapo wanaofanya hivi, kwa hiyo naendelea. Kathy Kram, mtafiti wa mahusiano ya kazini, aliandika mwaka 1983 kwamba uhusiano wa menta na anayelelewa una awamu nne: kuanza, kukua, kutengana, kisha kuanza upya kwa sura nyingine. Ukitoza bila tarehe ya mwisho, ile ya tatu utaikwepa daima, maana kijana akiiva ni hasara kwako. Weka muda, weka lengo moja, mkifika mwachie.

Kinara Mpole
Hilo la muda nalichukua. La hela gumu kidogo, nilishalipia nembo. Na barua ya kuacha kazi ipo tayari, bado tarehe tu. Nitawaandikia rasilimali watu, lakini orodha ya vyeo itoke kwanza, nisije nikamharibia kijana.

Mama Faili
Ukiandika kabla ya orodha umetoa taarifa. Ukiandika baada yake unajibu tuhuma, na kijana atajibu pamoja nawe. Andika leo.

Chujio
Nembo ameshalipia, jina bado hana. Haya endeleeni.

Jongoo Abiria
Waungwana wa jukwaa, uzi usifungwe. Nataka kujua yule wa pili wa idarani, ambaye hayumo kwenye orodha, ameshadai hela yake?