Mnauza "kikundi kidogo, utalii wa kuwajibika" Kilimanjaro, halafu mzigo wa watu kumi wanabeba wanane

Wakuu, salaam. Mods, naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa bei za safari, mada ni nyingine.

Kila tangazo la kupanda Kilimanjaro siku hizi lina maneno yale yale: kikundi kidogo, wageni wawili mpaka sita, tunawajali wapagazi. Kuna picha ya mgumu (ndivyo tunavyomwita mpagazi) anacheka, gunia kichwani. Chini yake bei: dola 1,400, njia ya Machame siku saba, kila kitu ndani. Uongo uko hapo hapo kwenye bei, na kuuona huhitaji kupanda mlima, chukua kalamu tu.

Anza na tozo za hifadhi kwa mgeni asiye mkazi, viwango vilivyozoeleka. Uhifadhi dola 70 kwa siku, mara 7 ni 490. Kambi dola 50 kwa usiku, mara 6 ni 300. Uokoaji 20. Jumla 810, weka VAT asilimia 18, unapata dola 955.80. Hiyo pesa inapita tu mkononi mwa kampuni.

Sasa watu. Kiwango ambacho kila mtu kwenye hii biashara anakijua ni dola 10 kwa siku kwa mpagazi, 15 kwa mpishi, 20 kwa kiongozi. Wageni wawili wakihudumiwa kihalali wanahitaji wapagazi 10 (nitaonyesha kwa nini), mpishi mmoja na viongozi wawili, maana mgeni mmoja akiugua lazima kuna wa kushuka naye na wa kubaki na mwenzake. Hiyo ni 155 kwa siku, 1,085 kwa siku saba, yaani 542.50 kwa kila mgeni. Jumlisha na tozo: 1,498.30. Bado hujanunua hata kilo ya mchele, hujaweka mafuta ya gari, hujajaza gesi, hujalipa hoteli ya Moshi, na mwenye kampuni hajapata senti. Wewe unauza 1,400. Tofauti inatoka wapi? Msituambie "tunabana matumizi". Tunajua anayebanwa ni nani.

Na hapa ndipo wengi hamuelewi au mnajifanya hamuelewi: kikundi kidogo ndicho kinachohitaji wapagazi wengi kwa kila mgeni. Kuna mizigo haipungui hata wageni wakipungua. Kwa makadirio: hema la mesi (la kulia chakula) kilo 13, meza na viti 9, choo cha kubeba na kihema chake 13, hema la jiko 10, masufuria, majiko na vyombo 15, mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa 14, oksijeni na sanduku la dawa 6. Hizo ni kilo 80. Kwa kikomo cha kilo 20 kwa mtu, wapagazi wanne wameshaisha na hakuna begi hata moja la mgeni lililoinuliwa. Wageni wakiwa wanane, mizigo hiyo haifiki mara mbili, na gharama yake inagawanywa kwa vichwa vinane. Wakiwa wawili inagawanywa kwa viwili. Endelea: mabegi ya wageni kilo 15 kila moja, 30. Hema lao na magodoro 10. Mahema ya wafanyakazi 15. Chakula cha watu 15 kwa siku saba, ukibana kweli kweli, 65. Jumla kilo 200. Wapagazi kumi, na mpishi bado anabeba trei za mayai mkononi. Kwa hiyo ukiona kikundi cha wawili kinauzwa kwa bei ya kikundi cha wanane, kuna mgongo umeshauzwa pamoja nacho.

Mchezo wenyewe unavyochezwa. Getini kuna mizani, mzigo unapimwa, kila mtu kilo 20, majina kumi yameandikwa, safi kabisa. Mgeni anapiga picha mizani, anaridhika. Siku ya kwanza kumi wanafika kambi ya Machame. Asubuhi wawili wanaambiwa washuke, "chakula kimepungua". Kimepungua kilo tisa. Zimebaki 191, gawanya kwa wanane: karibu 24 kila mmoja. Ongeza kilo 5 za vitu vyake mwenyewe, nguo na blanketi, ambazo hazihesabiwi kwenye zile 20. Kilo 29 kwenye ukuta wa Barranco, pale ambapo mgeni mwenye kibegi cha chupa ya maji anashika mwamba kwa mikono miwili, na mpagazi mkono mmoja uko kwenye mwamba, mwingine umeshika gunia kichwani. Kampuni imeokoa dola 120: watu wawili, siku sita. Mia na ishirini!

Kuna mzigo mwingine usiopimwa na mizani yoyote: maji. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina maji. Chanzo cha mwisho ni mto Karanga. Watu 15 wakitumia lita 4 tu, kunywa, kupika na kujaza chupa za usiku wa kileleni, ni lita 60, madumu matatu ya lita 20, kila dumu kilo 20. Yanapanda kutoka karibu mita 4,000 mpaka 4,600 na ushee, juu ya mizigo ya kawaida. Kwa hiyo mtu anapeleka gunia Barafu, anashuka Karanga, anapandisha dumu. Mara mbili njia ile ile kwa siku moja. Kwenye ratiba za siku sita ndio balaa zaidi, maana hakuna kulala Karanga, mnatoka kambi ya Barranco mnakwenda Barafu moja kwa moja. Kampuni ya kweli inaandika maji kwenye mpango wa mizigo na kuweka watu wa ziada wa siku hiyo. Uliza yako kama inaandika. Utasikia kikohozi.

Kulala. Hema la mesi halina sakafu ya maana. Wageni wakikaa wanapiga stori mpaka saa tatu usiku, wapagazi wanaotakiwa kulala humo wanasubiri nje, na Barafu usiku baridi iko chini ya sifuri. Wengine wanajibana hema la jiko na jiko linawaka ili wapate joto, zipu imefungwa. Hiyo ni hewa ya sumu, haina harufu, mtu anasinzia haamki. Mahema matatu ya wafanyakazi ni kilo 15. Ndiyo vitu vya kwanza kuachwa Moshi.

Chakula nitakigusa tu: milo mitatu, si ugali mmoja wa jioni. Mtu hapandi mita 900 kwa chai ya rangi.

Ugonjwa wa mlima nao hauchagui mwenye pasipoti. Mpagazi anayeumwa kichwa, anatapika na kuyumba kama mlevi hatakiwi "kushuka taratibu" peke yake na mzigo wake. Anashushwa na mtu, bila mzigo, angalau mita 500 chini, siku hiyo hiyo, usiku pia kama ni usiku. Akiwa kambi ya Shira kuna barabara ya gari la uokoaji, akiwa Barafu ni kushuka kwa njia ya Mweka. Lakini kampuni ikiwa imeshapunguza watu wawili, nani wa kumsindikiza?

Tipu sasa. Bahasha anapewa kiongozi mkuu kwenye geti la Mweka, mwisho wa safari, haraka haraka, gari linaunguruma. Mgao unafanyika nyuma ya gari. Wageni wanaamini wametoa dola 8 kwa siku kwa kila mpagazi, kinachofika mkononi hakisemeki. Kinga yake ni rahisi na haina gharama: karatasi yenye majina yote, kazi ya kila mtu na kiasi chake, kinasomwa kwa sauti mbele ya wote, kila mtu anapokea mwenyewe na kusaini. Na tipu si mshahara. Kampuni inayomwambia mgumu "mshahara wako uko kwenye tipu" inaiba mara mbili.

Wageni wanaowauliza ninyi waongozaji namna ya kuhakiki, waambieni hivi, msiwafiche. Waombe orodha ya wafanyakazi siku ya kwanza. Wahesabu vichwa getini, halafu wahesabu TENA asubuhi ya tatu, wakiwa Shira. Idadi ikishuka, waulize jina kwa jina. Wachungulie wapagazi wanalala wapi, saa mbili usiku, si saa sita mchana. Na wadai kuonyeshwa mizani ya kambini, kwa sababu ya getini kila mtu anafaulu.

Na sisi Watanzania tunaopanda kwa makundi mwezi wa Desemba tusijitoe. Tozo zetu ni ndogo sana, lakini kilo 20 ni kilo 20. Kumlipa mgumu nusu kwa sababu "sisi ni wazalendo" ni usanii ule ule.

Nyongeza, kwa aliyesema anabeba mtungi mmoja mkubwa wa gesi "kupunguza idadi ya mizigo": mkuu, uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe. Soma, jumlisha 15 za gesi. Utapata karibu 30, na bado hujaufunga kamba.