Uji wa barafu unaziba paipu, tatizo pampu au?

Chumvi2
Wakuu habari zenu. Tuna mashine inatengeneza uji wa barafu (chembe ndogo za barafu ndani ya maji) kwa maji ya bahari, tunausukuma kwenye paipu ya inchi 2 hadi matangi ya samaki, pampu inatoa lita 50 kwa dakika. Barafu ikiwa asilimia 10 mambo freshi, tukipandisha hadi 25 upande wa pili yanatoka maji matupu, na tukizima tukaenda kula, tukirudi kona ya kwanza imeshaziba. Bosi anasema tuachane nayo tusukume maji baridi tu. Pampu ndogo au?

FundiBaridi
Mkuu kabla ya kulaumu pampu angalia mwendo. Lita 50 kwenye inchi 2 ni kama mita 0.4 kwa sekunde, hapo barafu inapata nafasi ya kuelea maana ni nyepesi kuliko maji, inapanda juu ya paipu inajikokota huku maji yanapita chini yake yanaiacha, ndo hayo matupu unayoyaona. Weka inchi moja na nusu, pampu hiyohiyo itakupa kama 0.65. Watu wanakimbilia paipu pana wakiogopa presha, kwenye uji huu pana ndo inakuponza. Na hizo kona kali toa, weka za kupinda taratibu.

BintiTanga
Naongezea. Kwa fomula ya Thomas, ya kukadiria mnato (uzito wa kutiririka) wa maji yenye chembe, mnato kwenye asilimia 20 ni karibu mara 2 ya maji yake, kwenye 30 mara 3, na huko juu uji hauna tena tabia ya maji, ukishasimama unagoma mpaka usukumwe kwa nguvu. Tena ukitulia chembe zinakua na kushikana. Kabla ya kuzima pitisha maji ya bahari matupu mpaka paipu isafike.

Bosi mwambie hivi: kilo ya uji wa asilimia 20 inafyonza joto kama kilojuli 65 kwa kuyeyuka tu, kilo ya maji baridi ikipanda nyuzi 6 ni 25. Akitaka maji atasukuma zaidi ya mara 2 na nusu, bili ya umeme atajua mwenyewe 😂

Kijana_Uhandisi
Na vile vidonge vidogo vya nta vinavyochanganywa na maji je?

FundiBaridi
Hivyo ni vya kupoza majengo zaidi, kwa samaki hapana. Pampu inavipasua, na nta ikiyeyuka inafyonza kama kilojuli 200 kwa kilo wakati barafu ni 334.

Chumvi2
Shukrani sana. Pampu yetu ni ya kawaida ya feni, itahimili?

BintiTanga
Kwa 20 sawa, ukitaka 30 tafuta ya skrubu.