Ndege za Wasovieti: tatizo mashine au watu?

Mnyaki_Uyole: Wakuu, baba mdogo alisomea ufundi wa ndege Kiev, na kila tukikutana anasema zile zilikuwa chuma kweli. Mbona zilianguka hivyo?

Fundi_Mafinga: Mara nyingi watu, ndugu. Omsk, mji wa Urusi, Oktoba 1984: mwongozaji wa ndege uwanjani aliruhusu magari yaingie kukausha njia ya kurukia, maana mvua ilinyesha, kisha akasinzia. Ndege ya abiria Tu-154 ikatua ikayavamia. Wakafa 178. Afadhali ukungu wetu wa uwanja wa ndege wa Songwe, huo unauona.

DadaIringa: Mimi ajali ya Kuybyshev, mji wa Urusi, 1986 ndiyo inanitia hasira. Rubani wa Tu-134 alibishana na msaidizi wake kwamba anaweza kutua bila kuona nje, wakafunga mapazia! Wakafa watu 70. Alihukumiwa miaka 15, akakaa sita tu.

Mnyaki_Uyole: Mungu wangu. Na ile timu ya mpira?

Fundi_Mafinga: Pakhtakor ya Tashkent, Agosti 1979. Tu-134 mbili ziligongana angani Ukraine, wakafa tena 178. Jibu la redio lilikatikakatika, mwongozaji akadhani ndege aliyoiamuru ipande imemwelewa. Kumbe aliyejibu ni mwingine kabisa.