Naomba ushauri: mfano wangu wa mzunguko wa maji unatoa ukungu, hautoi mvua

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha sayansi darasa la tano hapa Tanga, na nimejaribu kuwaonyesha wanafunzi mzunguko wa maji kwa vitendo. Nilitia maji ya bahari katika beseni, kina cha vidole viwili, nikaweka kikombe kitupu katikati, nikafunika kwa nailoni angavu iliyokazwa kwa mpira, kisha nikaweka kokoto juu yake ili nailoni ibonyee kuelekea kikombeni. Baada ya saa tatu juani nailoni ilijaa matone madogo kama jasho, lakini mengi yaliganda palepale au yakateleza pembeni, na kikombe kilipata maji ya kulowesha ulimi tu. Mtoto mmoja aliyaonja akapiga kelele, "Mwalimu, hayana chumvi!" Hapo nilifarijika.

Nadhani nailoni nayo inapata joto, hivyo mvuke haupoi vya kutosha. Barafu niliyoiweka juu yake iliyeyuka kabla ya kipindi kuisha. Je, niongeze mteremko, au beseni jeusi litasaidia? Nimeshauriwa kutumia maji ya moto, ila nahofia watoto wataamini kwamba maji hayawezi kuwa mvuke mpaka yachemke.

Aidha, ningependa kuongeza kilima cha udongo kuwakilisha Usambara, ambako upepo wa baharini hupanda, hupoa na kunyesha, na maji yakaturudia kwa Mto Zigi. Aliyewahi kutengeneza kitu cha namna hiyo, alikipozaje bila friji?