13 mbele au 45 nyuma? Sproketi ya milima ya Manyovu, na cheni iwe ya viungo vingapi

Mzigo_Mwandiga
Wakuu, habari za kazi. Pikipiki ni cc 150, cheni saizi 428H ya viungo 118, sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele meno 14, nyuma 42. Kazi yake ni kupandisha mawese kutoka Mwandiga kwenda Manyovu huku Kigoma, madumu manne ya lita 20. Kwenye milima ya Buhigwe gia ya pili inaishiwa nguvu, nikirudi ya kwanza injini inalia na mwendo ni wa kinyonga. Fundi mmoja anasema weka 13 mbele, mwingine anasema 45 nyuma. Dukani wanasema nichukue 15 ndiyo inakimbia. Ipi ni ipi? Na cheni itafaa hiyo hiyo?

Fundi_Gia5
Mkuu, gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. Jibu likiwa kubwa, mvuto unaongezeka na spidi inapungua. Hapa naandika ya mbele kwanza, kisha ya nyuma.

14 kwa 42 = 3.00
13 kwa 42 = 3.23
14 kwa 45 = 3.21
15 kwa 42 = 2.80

Kwa hiyo mafundi wako wawili wanabishania kitu kile kile. Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Zote mbili zinakupa mvuto zaidi kwa asilimia 7 hivi, na pale ulipokuwa unakwenda 60 utakwenda 56 kwa mlio ule ule wa injini. Hiyo 15 achana nayo. Kwenye makaratasi 60 inakuwa 64, ila injini ya cc 150 yenye kilo sabini za mawese haitaifikisha hapo. Utaishia kutembea na gia ya nne badala ya ya tano.

Kama pesa ni ya mawazo, 13 ndiyo rahisi. Sproketi ya mbele ni bei ndogo na kuifunga ni kazi ya muda mfupi: fungua kava la kushoto, legeza bolti mbili za spana namba 10 zinazoshika bati la kufungia, zungusha bati, chomoa. Legeza bolti hizo cheni ikiwa bado imekaa, gia ya kwanza imeingia na breki ya nyuma imekanyagwa, la sivyo sproketi itazunguka na wewe.

SpokuKavu
Hesabu nakubali, hitimisho hapana. 13 na 45 zinalingana kwenye mvuto, kwenye uchakavu hazilingani. Kiungo kinapozunguka sproketi ya meno 13 kinakunjwa kwa pembe ya nyuzi 27.7, ya 14 ni 25.7, na kila mkunjo ni pini kusagana na bushi (mrija inamokaa). Pia kwa mzigo ule ule na mlima ule ule, sproketi ya nyuma ya 45 inaivuta cheni kwa nguvu ndogo kuliko ya 42, kwa sababu mkono wake ni mrefu zaidi. Ukiweka 13 ukaacha 42, mvuto wa tairi unapanda lakini cheni inabeba yote.

Halafu chungulia raba inayokinga foku ya nyuma (mkono unaoshika tairi) pale karibu na pivoti, yaani inapojikunjia kwenye fremu. Sproketi ikiwa ndogo, cheni inashuka karibu na raba hiyo na kuanza kuila. Ikiisha raba, inakula chuma. Mtu anayepanda mlima kila siku aweke 45. 13 ni ya kujaribia.

Sikonge_Mchangani
Nasoma nikiwa Tabora. Wenzangu wa huku msikimbilie kunakili haya ya Manyovu. Kwetu ni tambarare, 14 kwa 42 inatosha. Anayetembea lami ya Tabora–Nzega na abiria mmoja anaweza kuweka 15 akapunguza kelele ya injini. Lakini ukitoka lami ukaingia na tumbaku kwenye mchanga wa Sikonge au Urambo, mchanga unashika tairi kama mlima, 15 itakuunguzia klachi. Na mchangani msipake grisi kwenye cheni, inageuka msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, futa, weka oili ya gia kidogo upande wa ndani wa cheni, futa tena inayobaki nje.

Mzigo_Mwandiga
Asanteni. Basi naegemea upande wa 45. Cheni ya 118 itafika? Ekseli (chuma kinachopita katikati ya tairi la nyuma) sasa hivi iko katikati ya tundu lake, mbele kumebaki nafasi ya milimita 8.

Fundi_Gia5
Kila jino linaloongezeka, mbele au nyuma, linakula nusu kiungo. Kiungo cha 428 ni milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo jino moja linasogeza ekseli milimita 3 na kitu. Meno matatu ni kama 10. Una 8. Haifiki. Weka 44, inahitaji 7 tu, na uwiano ni 3.14. Umemaliza bila kununua cheni.

DadaSpea
Kaka, subiri kwanza, hiyo 8 ni ya cheni mpya au iliyotembea? Pima. Kaza cheni inyooke, hesabu pini 21 (yaani nafasi 20), pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, usiifunge tena na sproketi yoyote mpya. Rudia sehemu tatu tofauti, maana cheni hairefuki sawasawa.

Mzigo_Mwandiga
Dada, sehemu mbili 255, moja 256.

DadaSpea
Basi shika 256. Bado inatembea, ila sproketi mpya ya nyuma ukiifunga na cheni hiyo, rola zinakaa juu ya meno badala ya chini, na sproketi inachongoka mapema. Mimi ningefunga vyote vitatu, cheni na sproketi mbili, kwa pamoja.

Hapo ndipo hesabu ya 44 inapovunjika. Kwa kipimo hicho cheni yako nzima imerefuka kama milimita 12. Ukifunga 118 mpya, hata bila kugusa meno, ekseli itakwenda mbele karibu milimita 6. Kwenye zile 8 unabaki na 2. Jino moja tu la nyuma limeshakushinda, achilia mbali mawili.

Kwa hiyo chaguo ni mawili:

13 kwa 42 na 118 mpya: cheni inasogeza ekseli mbele 6, jino lililopungua linairudisha nyuma 3. Unabaki na nafasi ya 5 mbele.

14 kwa 45 na 120 mpya: 6 za cheni na 10 za meno kwenda mbele, viungo viwili vya ziada vinarudisha karibu 13. Unabaki na 5 vilevile.

Mbele kidogo ndipo cheni mpya inapotakiwa kukaa, ili nyuma kubaki nafasi ya kukazia ikirefuka.

Kasulu_Boda
119 haiwezekani ikakaa katikati?

DadaSpea
Hapana. Cheni ni kiungo cha ndani na cha nje kwa zamu, idadi lazima igawanyike kwa mbili, loki (kiungo cha kuungia ncha) ikiwemo. 119 inahitaji kiungo nusu kilichopinda, na kwenye mzigo ndicho kinachokatika kwanza. Usipopata 120, nunua ndefu uikate: saga vichwa vya pini kwa jiwe, kisha gonga pini itoke. Hesabu mara mbili kabla ya kusaga. Ncha zote mbili zibaki na viungo vya ndani, kwa sababu loki yenyewe ni kiungo cha nje.

Kasulu_Boda
Kuna 420 za bei nafuu, urefu wa kiungo nasikia ni ule ule.

SpokuKavu
Urefu ndiyo, upana hapana. 420 ndani ni milimita 6.35, 428 ni 7.94. Jino la 428 haliingii. 428 na 428H ndizo zinazobadilishana, H ina bati nene zaidi, na kwa madumu chukua H.

Mzigo, ukienda dukani nenda na sproketi yako ya zamani ya nyuma. Linganisha tundu la katikati na matundu ya bolti kwa kuziwekeleana. Zipo zinazofanana kwa macho zikapishana milimita mbili, fundi akapanua tundu kwa tupa. Hiyo itayumba na cheni itakaza upande mmoja na kulegea mwingine. Tairi likiwa nje, kagua na raba za habu, zile zinazopunguza mshtuko kati ya sproketi na tairi. Zikiwa zimelika, pikipiki itakurusha kila ukiachia klachi, na utailaumu sproketi bure.

Fundi_Gia5
DadaSpea yuko sahihi, 44 na cheni mpya ya 118 haiingii. Nafuta.

Kwenye kufunga: klipu ya loki, upande uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea. Ikigeuzwa, kijiwe kimoja kinaichomoa. Mchezo wa cheni (inavyopanda na kushuka ukiisukuma) chini katikati uwe milimita 25 hadi 30, ukipimia pale inapokaza zaidi baada ya kuzungusha tairi. Kisha pakia madumu yote manne upime tena. Tairi ikipanda cheni inakaza, na ikiwa imenyooka kabisa inavunja bearingi ya shafti ya sproketi ya mbele. Ekseli yako itakuwa imesogea mbele milimita 3, hivyo fimbo ya breki italegea. Ikaze kabla hujashuka Manyovu, siyo baada.