Kufundisha taaluma ya michezo: nianze na nadharia au na ubao?

Mhadhiri, Kisumu:
Wenzangu, muhula ujao nitafundisha taaluma ya michezo kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao wengi wao wanaijua michezo ya simu kunishinda. Je, nianze na nadharia ya mwaka 1938 ya Huizinga, mwanahistoria Mholanzi aliyeandika kuhusu nafasi ya mchezo katika utamaduni, au niwaache kwanza wacheze?

Mwalimu, Nakuru:
Waache wacheze, ndugu mhadhiri, tena waanze na bao. Ubao wenye mashimo 32 na kete 64 unaonyesha wazi jinsi kanuni zinavyoweza kubadilika katikati ya mchezo: wakati wa namua, yaani hatua ya kwanza, kila mchezaji huingiza ubaoni kete mojamoja kutoka zile 22 alizoanza nazo mkononi, na akiba hiyo ikiisha ndipo mtaji, hatua ya pili, huanza, ambapo huchezwa kwa kete zilizomo ubaoni pekee. Huizinga atasubiri wiki moja, hana haraka.

Mtafiti, Kakamega:
Naafiki, ingawa hapo Kisumu hutakwepa kuulizwa kuhusu ajua, mchezo wa Waluo wa jamii ya bao, nao ni mjadala mzuri wa kulinganisha. Katika utafiti wangu nilinakili kanuni peke yake, nikaziacha kejeli za wazee waliouzunguka ubao, na leo daftari langu halinielezi kwa nini mchezaji mmoja aliharakisha kete akakosea. Omba idhini, kisha urekodi sauti.

Mhadhiri, Kisumu:
Ahsanteni. Basi kazi ya kwanza itakuwa shajara ya uchezaji, na nitasahihisha hoja, si ushindi.